Hodi Tatu za Zuhura

Kama una nia ya kucheka, cheka sasa, umalize, kisha unisikilize. Haya ninayokueleza sikuyaokota barazani, wala sikuhadithiwa na binamu wa jirani. Yamenitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Mji wa Kale, saa saba ya mchana, jua la utosi, nimekula nimeshiba na akili zangu zote ziko kichwani. Nasema saa saba ya mchana makusudi, maana nawajua watu. Ukiwaambia umeona jambo, la kwanza watakuuliza, kwani ilikuwa usiku? Ulikuwa umelala? Sikuwa nimelala, na usiku ulikuwa mbali.

Mimi ni mshoni wa kanzu. Duka langu liko Bondeni, cherehani moja na benchi moja, na miaka yote ya kazi sijapata kumpa mtu kanzu yenye shingo iliyopinda. Nakwambia haya ujue mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa kupima. Kitu kisichopimika kwa tepu huwa sikiamini upesi. Mara paka aliyesema na watu, mara mwanamke mwenye kwato kichochoroni, hayo nimeyasikia tangu utoto wangu na sijapata kuyakosea usingizi.

Mke wangu alikuwa akiitwa Zuhura. Tulikaa miaka ishirini na saba, na Mungu akaturuzuku binti mmoja, Rukia, ambaye sasa ni karani bandarini. Zuhura alifariki mwaka juzi. Aliondoka nyumbani asubuhi kwenda Makupa kuninunulia uzi wa darizi, rangi ya maziwa, maana wa dukani ulikuwa umeniishia na nina kanzu ya bwana harusi mkononi. Huko Makupa, kwenye saa saba, akajihisi vibaya. Akanipigia simu. Akanipigia mara tatu. Simu iko mfukoni inatetema, mikono yangu iko kwenye kitambaa cheupe cha watu, nikasema moyoni, huyu ataniuliza rangi tena, wacha nimalize shingo hii. Nilipomaliza nikampigia, na aliyepokea hakuwa yeye. Alikuwa mwanamume, mwenye duka huko, ananiuliza, "Bwana, wewe ni nani wake huyu mama?"

Basi. Sitaki kuyarefusha hayo. Ila lishike hili moja, kwa sababu kisa chote kimesimama hapo: mpaka leo sijui Zuhura alikuwa akitaka kunambia nini.

Rukia alijua habari ya simu zile tatu, na hakunilaumu hata siku moja. Hilo lilinichoma kuliko lawama. Baada ya Idi akaniletea simu mpya, kubwa, inateleza mkononi utadhani imepakwa mafuta, na pamoja nayo kijisanduku kidogo kama cha pete. Ndani mna vitu viwili vyeupe.

"Hivi ni vya masikioni, Baba. Havina waya. Simu ikilia unagusa tu hapa, unazungumza, mikono yako iko kwenye cherehani."

Nilijua kwa nini amevinunua, naye alijua kwamba nimejua. Nikavitia masikioni nikamwambia, "Haya, umenivisha vipuli uzeeni." Akacheka mpaka akafuta machozi, na tangu siku hiyo sote wawili tukaviita vipuli.

Simu mpya ni mtihani, ndugu yangu. Ile ya zamani nikiibonyeza ikiitika, mambo yamekwisha. Hii ina maoni yake. Inanihesabia hatua nilizotembea, kwani nani aliyeiuliza? Nikichelewa kulala inanishauri. Rukia aliiweka kwa Kiswahili, lakini Kiswahili cha vitabuni, kila saa inaomba ruhusa: iruhusiwe picha, iruhusiwe kujua nilipo, iruhusiwe kunisikia. Nikawa nabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu, kama mtu aitikiaye amina kwa dua asiyoisikia. Najua na wewe wafanya vivyo hivyo.

Vipuli navyo vikaanza kunichezea. Nikiwa katikati ya maneno, kap, sauti imekatika. Dakika moja, imerudi. Nikampigia Rukia kumlalamikia. Akanieleza kwamba siku ile alipohamisha vitu kutoka simu ya zamani kuja hii, majina ya vyombo vyote vilivyowahi kuunganishwa na ile ya zamani yalikuja pia, na simu inahangaika kuvitafuta. "Fungua orodha ya blututhi, Baba. Usivyovitumia, vifute."

Nilikuwa dukani, na mteja amesimama mbele yangu anangoja kanzu yake. Nikafungua ile orodha mbele ya macho yake. Mlikuwa na spika ya jikoni iliyokufa zamani. Mlikuwa na simu ya Rukia. Na chini kabisa mlikuwa na neno moja: Zuhura.

Zuhura, nikueleze, hakupenda kupoteza bando. Akiwa na picha ya kunionyesha, hata tukiwa tumekaa mkeka mmoja, atanitumia kwa blututhi. Simu yangu itaniuliza nimpokee au nisimpokee, nami nitamtania, "Nikikukataa je?" Naye atasema, "Jaribu uone." Kwa hiyo jina lake lilikuwa limebaki humo, na mimi sikuwa nikijua.

Nikalibonyeza. Simu ikaandika: *Sahau kifaa "Zuhura"?* Chini yake maneno mawili, *Ghairi* na *Sahau*. Nikaganda. Kifaa. Mtu umekaa naye miaka ishirini na saba, halafu kifaa. Mteja akakohoa. Nikabonyeza *Sahau*.

Jina likaondoka hapo hapo. Vipuli vikatulia, sauti ikawa safi kabisa, na nikamkunjia yule bwana kanzu yake akaenda zake. Rukia sikumwambia jina nililolifuta.

Jioni ile ile simu ikasema ina sasisho. Sasisho ni dudu gani? Rukia akanambia ndiyo apdeti, inajiboresha, niiache kwenye chaji ilale nayo. Ikaamka asubuhi na sura nyingine. Saa imehamia katikati, herufi zimenenepa, na ile sauti ya kwenye vipuli iliyokuwa ikinisemesha Kizungu, sasa inasema, "Imeunganishwa." Sauti ya mwanamke, ina adabu zake. Nikasema haya, angalau imejua iko nyumba ya nani.

Sasa sikiliza vizuri. Mimi siku hizi adhuhuri hufunga duka, nikaswali, nikarudi nyumbani kula na kujinyoosha hadi alasiri. Nyumba yangu iko ghorofani. Mlango wa njiani una kamba inayopanda mpaka juu kwangu, mtu akipiga hodi nauliza nani, nikimjua navuta kamba, komeo linafunguka, anapanda. Ni mambo ya zamani hayo, lakini magoti yangu pia ni ya zamani. Ng'ambo ya njia, mkabala na mlango huo, hukaa Mama Kadzo na karai lake la viazi. Ni mtu wa Kaloleni, mama mkristo mwenye heshima zake, alikuja kupanga pale Zuhura akiwa ameshafariki. Hawakuwahi kuonana. Hilo pia lishike.

Siku hiyo ya sasisho nimekula, nimezungumza na Rukia, tumeagana, vipuli bado viko masikioni. Nikasikia, "Hodi."

Nikasema, "Nani?" Ulimi hauhitaji kuamrishwa kwa neno hilo. Nikainuka nikachungulia dirishani. Njia nyeupe kwa jua, hakuna mtu ila Mama Kadzo anamenya viazi. Ndipo nilipofahamu kwamba ile hodi haikutoka njiani. Ilitoka humu, masikioni. Nikaitazama simu. Imeandika: *Kifaa "Zuhura" kinaomba kuunganishwa.* *Kataa. Ruhusu.* Nikatafuta miwani nisome tena, na niliporudisha macho maandishi yameondoka.

Nilikwenda kabatini. Simu ya Zuhura nimeifunga kwenye leso yake, rafu ya juu, na betri nililitoa mwenyewe kwa sababu lilifura. Nikaifungua leso. Simu iko baridi, mgongo wazi, betri halimo. Niambie wewe, kitu hicho kinaombaje kuunganishwa?

Nikampigia Rukia. Akacheka taratibu, kicheko cha mtu anayemhurumia mzee. "Baba, kina Zuhura ni wangapi Mji wa Kale? Jirani tu huyo, amenunua simu akaiandika jina lake, inatafuta ya kushikana nayo."

"Na hodi je?"

"Hodi imetoka njiani, Baba. Hivyo vipuli vinavuta sauti za nje pia."

Maneno ya mtu aliyesoma. Niliyakubali nusu. Nusu ya pili ilibaki inanisumbua, maana njiani palikuwa hapana mtu.

Kesho yake, wakati ule ule. Safari hii nilikuwa nimekaa macho kodo kwenye kiti, vipuli masikioni, simu gotini, najiambia singojei kitu. Ikaja. "Hoodi." Ndugu yangu, nikaijua. Zuhura alikuwa akiivuta hodi yake mwanzoni na kuikata mwisho, kama mtu anayekata uzi kwa meno. Mara ngapi nimesimama nyuma yake kwenye milango ya watu, arusini, matangani, nikiisikia hodi hiyo hiyo. Simu ikaandika yale yale. Kidole gumba changu kiko katikati ya Kataa na Ruhusu, hakiendi huku wala kule, mpaka maandishi yakafutika yenyewe.

Duka sikulifungua alasiri ile. Nilikaa nikawaza. Tumefunzwa tangu chuoni, tukisoma Kurani utotoni, wewe na mimi, kwamba hodi ni mara tatu. Ukipiga tatu usiitikiwe, usivunje mlango, usichungulie dirishani, rudi ulikotoka na usimwekee mtu kinyongo. Moja ilikuwa jana. Ya pili leo. Iliyobaki ni moja.

Asubuhi ya siku ya tatu nikafagia nyumba. Mimi huwa sifagii, kuna dada huja mara mbili kwa wiki. Lakini nilifagia ukumbi, nikafagia ngazi mpaka chini, nikatandua mto wa kiti nikaukung'uta. Nilikuwa nafagia na huku najiuliza, mzee, wamfagilia nani?

Saa saba ilipofika nilikuwa dirishani. Nikainama kutazama mlangoni kwangu, na pale chini palikuwa na mwanamke amesimama. Buibui jeusi, ushungi umeanguka mbele, uso sikuuona. Mkononi ana mfuko mdogo wa dukani. Hakuinua kichwa. Mtu anayekuja kwa mtu wa ghorofani huinua kichwa, hiyo ndiyo desturi. Huyu alikuwa ameukabili mlango tu, ametulia.

"Hoodi."

Ilikuja masikioni. Kama mdomo wa yule wa chini ulitikisika au haukutikisika, wallahi sikuweza kuona. Simu ikawaka mkononi: *Kifaa "Zuhura" kinaomba kuunganishwa.*

Nikasema, "Nani?"

"Mimi."

Zuhura hakuwa mtu wa kujibu "mimi". Alikuwa akilichukia jibu hilo. Mtu akipiga hodi kwetu akasema "mimi", Zuhura ataishika kamba na asiivute, atamjibu kutoka juu, "Mimi huna jina?" Wageni wote waliijua tabia hiyo. Na hilo likanivutia la pili, kubwa zaidi, ambalo sijui kwa nini sikuliwaza tangu siku ya kwanza: mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Miaka ishirini na saba Zuhura aliingia mlango ule kwa salamu, "Salaam aleikum, Baba Rukia, uko?" na huku ameshafika ngazi ya tatu. Hodi ni ya mgeni. Basi huyu anayepiga hodi kwa sauti ya mke wangu, kwenye mlango wa mke wangu, ni nani?

Nikasema, "Wewe nani? Taja jina lako."

Ikasema pole pole, "Nifungulie nikwambie."

Umeyasikia maneno hayo? Nikwambie. Mimi mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikilala na kuamka na neno moja, alitaka kunambia nini. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaishika kamba. Sikumbuki niliishika lini. Kidole cha kulia kiko juu ya simu. Nilitaka kufungua, nakuapia, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini nilikuwa na hofu, na hofu ikaniambia, mzee, huo ndio mtego wenyewe, kimekuja na kile unachokitaka. Nikabonyeza *Kataa*.

Ile sauti ya adabu ikasema, "Imekatika."

Nikachungulia. Mlangoni hapana mtu. Nikashuka zile ngazi na magoti yangu haya, nikatoka nje, nikatazama juu na chini. Njia yetu imenyooka, mtu akiondoka unamwona mpaka kona. Hapakuwa na mtu.

"Mama Kadzo," nikamwambia, "hapa mlangoni pangu palikuwa na mtu?"

"Si yule mama," akasema, anageuza viazi vyake. "Amesimama hapo kitambo. Nikamwambia, mama, paza sauti, mzee yuko juu, hasikii vizuri. Akanambia ameshapiga tatu."

"Akasema hivyo? Tatu?"

"Ndiyo. Na mimi nilisikia hodi moja tu, nikasema labda hizo nyingine zimenipita na kelele za mafuta haya. Halafu akaniuliza, siku hizi anaishi nani hapa? Nikamwambia ni mzee wa kushona kanzu. Akasema, 'Haya, asante,' akaenda."

"Akaenda wapi?"

Mama Kadzo akaelekeza mwiko upande wa Ngome. Kisha akautazama ule upande, akautazama na mwiko, akasema, "Sasa sijui. Nilikuwa natazama karai."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mama wa kawaida tu, baba. Kwani hukumtarajia?"

Nilirudi juu, nikakaa. Nikampima yule mwanamke kila upande. Huenda alikuwa mteja, ana kitambaa kwenye mfuko, ameelekezwa nyumbani baada ya kukuta duka limefungwa. Mteja atasema siku hizi anaishi nani hapa? Mteja atasikika masikioni mwangu? Huenda alikuwa shetani aliyeazima sauti. Shetani ataulizana habari na muuza viazi, aseme haya, asante? Au alikuwa mwenyewe. Na kama ni mwenyewe, mbona hodi? Kila nililolipima, huku linabana, huku linapwaya. Mpaka leo hakuna lililonikaa.

Siku ya nne nilikaa saa saba nikangoja. Siku ya tano pia. Hakuja mtu, wala jina halikuandikwa tena.

Nikaenda kwa Bi Mwanakombo, dada yake mkubwa Zuhura. Ni mtu mzima, anatafuna tambuu zake pole pole, hashtuki ovyo. Nikamweleza yote, na nilipofika pale pa hodi nikanyoosha kidole kama wakili. "Basi ndipo nilipojua si yeye, dada. Mwenyewe hapigi hodi kwake."

Akatafuna. Akasema, "Kwake wapi, shemeji?"

"Kwake. Pale kwetu."

"Nguo zake ziko wapi?"

"Nilizitoa sadaka. Wewe ndiye uliyenisaidia kuzigawa."

"Kitanda chake?"

"Nilimpa Rukia."

"Na hako kajina kake simuni?"

Nikainama. Ndipo nilipomweleza habari ya orodha, na mteja, na neno *Sahau*. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Bi Mwanakombo aliacha kutafuna. Alinitazama muda, si kwa hasira, nadhani ingekuwa nafuu kama ni hasira.

"Mtu asiye na chake ndani hupiga hodi, shemeji," akasema. "Na ulipomwambia ataje jina, angetaja lipi, nawe umeshalifuta?"

Akaona uso wangu ulivyoanguka, akanihurumia, akasema na yeye hajui, huenda lilikuwa shetani na nimenusurika, nimwombee dua mke wangu na niache kukaa peke yangu mchana. Akanifungia na mahamri nende nayo. Lakini neno likishatoka halirudi, na lile lilikuwa limeshanikaa moyoni.

Wiki hiyo kipuli cha kushoto kikakataa kusema. Nikakipeleka kwa fundi wa simu Bondeni, mtu wa bara, fundi wa kweli, haongei maneno mengi. Akakichomeka, akakichomoa, akakileta karibu na simu yangu, akatikisa kichwa.

"Mzee, hiki hakijaharibika. Cha kulia kiko na simu yako. Hiki cha kushoto kimeshikana na simu nyingine."

"Simu gani?"

"Haina jina. Mpaka mwenyewe akiachilie."

Nikatoa mfukoni ile leso, nikamfungulia simu ya Zuhura. Nilisema labda ni hii, labda kuna jambo la kifundi ambalo sisi wengine hatulijui. Akatafuta betri linaloingia, akalitia, ikawaka. Picha ya mbele ni Rukia siku ya kumaliza shule. Fundi akaingia kwenye blututhi yake, akasema si hii iliyokishika kipuli, hii haikijui hata kidogo. Akanigeuzia kioo nijionee. Kwenye orodha ya Zuhura palikuwa na jina moja tu, na jina hilo ni Baba Rukia. Yeye hakuwa amenifuta.

Nilimwomba fundi azime. Akaniambia anaweza kunitafutia vipuli vingine, vizuri zaidi. Nikamwambia hapana, hivi hivi.

Tangu hapo ndivyo ninavyoishi. Ikifika saa saba nalifungua komeo la chini mwenyewe, nauacha mlango wazi, nakaa kwenye kiti na vipuli vyote viwili masikioni. Cha kulia ni cha Rukia na wateja. Cha kushoto hakitoi sauti, lakini fundi alinambia kina maikrofoni yake, na anayekishika, popote alipo, anaweza kunisikia. Basi nasema, "Karibu." Kila siku nasema. Mama Kadzo ameshaanza kuwaambia watu mzee amepata mchumba wa simuni, na Rukia naye ananichunguza kwa jicho la pembeni, mimi nawaacha. Uzi wa rangi ya maziwa siku hizi sinunui, wateja nawapa mweupe.

Sasa wewe unayenisikiliza, simu yako najua iko hapo mkononi. Siku itakapokuuliza umsahau mtu, usiibonyeze kwa sababu mteja anakohoa. Weka chini, maliza kazi yako, kisha kaa uisome vizuri imeandika nini. Na ukisikia hodi usiyoielewa, mimi siwezi kukwambia ufungue au usifungue. Sijui. Atakayekwambia anajua, usimwamini, hata akiwa na ndevu nyeupe kuliko zangu. Ninalojua mimi ni hili tulilofunzwa chuoni, kwamba mtu hupewa hodi tatu. Mimi nilipewa tatu mara mbili, simuni na mlangoni, na sikuitika hata moja.